Njiwa Wanaoruka, Njiwa Wanaokaa

Jerida alinipigia simu Jumamosi asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni nikingoja maziwa yapande, akasema bila hata salamu, "Mzee Nazir ametuacha." Alikuwa amefia Uingereza, kwa mwanawe Tariq, na kwa desturi ya dini yao alikuwa amekwisha kuzikwa kabla habari haijatufikia. "Tariq ameniandikia ujumbe kwa Kiswahili," Jerida alisema. "Makosa matupu. Lakini amejaribu, na hapo ndipo nimelia." Nyuma ya sauti yake nilisikia kuku wake wakigombana uani, huko kwao magharibi alikorudi baada ya miaka thelathini ya kupikia watu Nairobi. "Nakuja kumwona binti yangu Alhamisi," akasema. "Tukutane mjini. Si matanga, maana maiti yenyewe iko mbali. Tukutane tu tule." Nikamwambia sawa, tukutane Nyamakima, kwenye ile hoteli inayotazamana na maduka ya nafaka. Maziwa yalikuwa yamekwisha kumwagika, nami nikayaacha yaungue, nikakaa kitini na harufu yake, na harufu ile ikanirudisha kwenye mwaka wa njiwa.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya elfu mbili na kitu, tulipokuwa bado tunakwangua kadi za simu kwa ukucha, niliishi Kileleshwa kwenye SQ, kile chumba cha wafanyakazi kinachojengwa nyuma ya ghorofa za watu wenye mishahara. Kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta, na juu ya ukuta lilikuwapo dirisha la jikoni la familia nisiyoijua kwa sura. Niliwajua kwa sauti tu. Mtoto wao hakupenda maharagwe. Kila jioni mama yake alimwambia, "Kuna watoto hawana hata hayo," na kila jioni mtoto akajibu, "Basi wapelekee," nami nikacheka peke yangu, sufuria ikiwa mapajani. Nilikula kutoka kwenye sufuria kwa sababu kuosha sahani ya mtu mmoja kulinitia huzuni. Watu hudhani upweke ni kukosa watu. Mimi nilizungukwa na watu. Nilijua saa wanayokaanga vitunguu na nani kati yao anakoroma. Siku moja nilikutana na mama yule langoni, amebeba mifuko, nikajikuta namuuliza, "Mtoto amekula leo?" Alinitazama kama mtu aliyeguswa begani na mgeni gizani. Baada ya hapo walianza kufunga dirisha.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu ulihusu bakteria wanaoishi utumboni mwa ndege. Swali lilikuwa rahisi kulisema. Wapo ndege wawili, wanakula nafaka moja na kunywa maji ya bomba moja. Mmoja anaruka kila siku mpaka kifua kinapanda na kushuka, mwingine anakaa. Je, wakazi wa matumbo yao watabaki walewale, au kazi ya mabawa huwabadilisha? Msimamizi wangu, Daktari Mwangi, mtu mrefu aliyezoea kuongea huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, alilipenda swali hilo kuliko mimi. "Tunajua sana ndege anakula nini," alisema. "Hatujui anachofanya baada ya kula kinaamsha nani huko ndani." Siku hizo maabara yetu haikuwa na mashine za kusoma vinasaba. Tulikuwa na macho. Uliokota kinyesi kibichi, ukakizimua kwa maji safi, ukakitandaza kwenye kisahani chenye ute mgumu kama jeli, ukakiweka kwenye kabati la joto, na kesho yake bakteria walikuwa wameota madoa, mengine meupe, mengine ya waridi, nawe ukayahesabu kwa kalamu mkononi. Mwaka uliotangulia nilijaribu kwa kuku, kuku wakanifia kwa ugonjwa. Chuo kikaniongezea muda mara moja, na barua ya muda huo ilisema wazi kwamba hakuna mara nyingine. Nikimaliza mwaka bila matokeo, jina langu linatolewa.

Nilimpata Mzee Nazir kwa kutazama juu. Kutoka dirisha la maabara niliona kila asubuhi kundi la njiwa likizunguka juu ya Parklands, likipanda mpaka likawa kama vumbi, kisha likishuka kwa pamoja kana kwamba kuna mtu amelivuta kwa uzi. Asubuhi moja nilivua koti jeupe, nikawafuata kwa miguu, shingo imenyooka, nikajikwaa kwenye mizizi ya mijakaranda na kupigiwa honi na watu wenye magari. Wakanifikisha kwenye lango la kijani. Aliyelifungua alikuwa Jerida, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.

"Unauza nini?" aliniuliza. "Kama ni dini, humu ndani tuko nazo mbili na zinatutosha."

Nikasema nimefuata njiwa. Nikasema ninahitaji kinyesi chao. Jerida alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akageuka akaita kuelekea ndani, "Mzee! Kuna msichana hapa, amesoma mpaka akili ikateleza!"

Mzee Nazir alishuka ngazi polepole, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, filimbi ikining'inia shingoni kama ya mwamuzi wa mpira. Alizaliwa Nairobi, kama baba yake, na alikiongea Kiswahili kwa ukali na furaha, bila kujali kilivyopangika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka mpaka akashika nguzo. "Hapa watu nakuja kutaka mchango," alisema. "Nakuja kutaka kura. Nakuja kutaka nunua nyumba. Mavi? Wewe ya kwanza!" Kisha uso wake ukatulia. "Lakini mimi iko hapa mpaka mwisho ya mwaka tu. Kijana yangu nasema nyumba inauzwa, wanajenga fleti. Mimi naenda Uingereza, kukaa karibu na hita." Nikamwambia mwisho wa mwaka ndio mwisho wangu pia. Akanitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubaliana na mwenzake bei, akasema, "Basi panda juu, beti." Baadaye Jerida aliniambia neno hilo kwao ni binti.

Banda lilikuwa juu ya paa tambarare, la mbao za bluu zilizopauka. Kutoka pale uliona minara ya msikiti, hekalu, matangi ya maji ya majirani na nguo za watu. Mzee alirusha njiwa wake kama walivyofanya wazee wa Kipunjabi waliomfundisha: kitambaa chekundu kwenye ufito mrefu kuwapeleka juu, filimbi na kopo la mtama kuwarudisha. Hawakuwa wa mashindano ya mbali. Kazi yao ilikuwa kupanda na kukaa juu, na fahari ya mwenyewe ilikuwa kusimama chini na kukinga jua kwa kiganja. Kila njiwa alikuwa na mwenzake, maana njiwa huishi wawiliwawili, nami hilo nikaliona ni zawadi. Nikagawa kila jozi: dume alivishwa pete nyekundu mguuni, aruke kila siku, jike pete ya bluu, akae. Umri wao mmoja, chakula chao kimoja, kila mwenye kuruka alikuwa na wake wa kulinganishwa naye. Nilijiona mwerevu. Tukaweka ukuta wa waya katikati ya banda, nikamweleza Mzee mbele ya Jerida, polepole, "Hawa wanaruka. Hawa hawaruki. Hata siku moja." Mzee akaweka mkono kifuani. "Hata siku moja," akasema.

Nikawa mtu wa nyumba ile bila kupangwa. Nilifika asubuhi kutandaza karatasi chini ya vitulio, nikaokota nilichokuja kuokota, nikakipeleka maabara, na adhuhuri nikarudi kuosha vyombo vya maji. Siku ya kwanza nilipotaka kuaga, Mzee alielekeza kidole kwenye meza. "Daktari ya mavi, kaa." Meza ilikuwa ndefu, ya mti mweusi, iliyonunuliwa kwa ajili ya watu wengi, na tulikaa upande mmoja wake kama watu waliobaki baada ya sherehe. Kiti cha kichwani, karibu na dirisha, hakikukaliwa. Kilikuwa cha marehemu mkewe, naye Mzee alikaa cha pembeni yake, kama zamani. Jerida alileta chapati kwenye kitambaa, dengu, mtindi na achari ya maembe inayouma masikioni. Mzee alikuwa na tabia ambayo mwanzoni iliniudhi. Alikata kipande cha chapati, akakichovya kwenye bakuli lake, akakitia kwenye sahani yangu bila kuuliza. Jerida aliona uso wangu. "Zoea," alisema kutoka mlangoni. "Hata mimi alinifanyia. Mke wake alikuwa anakula hivyo hivyo, kutoka huku kwenda kule. Hawa watu wa Punjabi hawajui mpaka wa sahani." Mzee akasema, "Sahani ina mpaka kwa watu wagonjwa." Nikala. Mpaka leo sijapata dengu ya namna ile, na nimeitafuta.

Ijumaa, baada ya swala kwenye msikiti wa katikati ya mji, tulikutana naye tukaenda Nyamakima kununua nafaka. Alitembea kati ya magunia akiingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akinusa mtama, akiwatania wenye maduka, nao wakimtania. "Mhindi, njiwa zako zinakula vizuri kuliko mimi!" "Basi njoo nyumbani, nitakupa tundu!" Nilibeba mifuko nyuma yake, nikijua kwamba kwa saa ile moja watu walituona ni wawili. Jumapili mwanawe alipiga simu ya mezani, na Mzee, ambaye masikio yake yalianza kumtoroka, aliweka spika. Sebule ikajaa Kipunjabi. Jerida, aliyekisikia kwa miaka thelathini, alinitafsiria huku akikunja nguo. "Anasema chumba kimepakwa rangi. Anasema kuna bustani. Mzee anauliza bustani inaona mbingu? Kijana anasema, baba, kila bustani inaona mbingu. Mzee anasema, siyo zote."

Majuma ya kwanza visahani vyangu vilinipa furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia. Tofauti ilikuwapo. Visahani vya wenye pete nyekundu vilijaa madoa meupe madogo, yamesongamana kama mchele uliomwagika. Vya wenye pete za bluu vilikuwa na meupe machache na waridi mengi. Nilimpigia Daktari Mwangi, akasema, "Usifurahi bado," lakini nilimsikia akifurahi. Kisha tofauti ikaanza kuyeyuka. Wiki hii kidogo, wiki inayofuata zaidi, mpaka ukaweka visahani viwili juu ya meza, cha dume anayeruka na cha jike anayekaa, na usingejua kipi ni cha nani. Nikatafuta kosa. Nikabadilisha maji. Nikapika upya jeli ya visahani, nikalala mchana na kipimajoto mkononi mbele ya kabati. Daktari Mwangi akaja kuona mwenyewe, akavua miwani, akaivaa, akaivua. "Lydia," alisema, "kuna vitu viwili. Ama kuruka hakubadilishi kitu, na basi majuma ya kwanza yalitudanganya. Ama kuna kitu kinavuka ule waya wako." Akatazama kalenda ukutani. "Na muda haukungoji."

Jioni moja nikiwa nimekwisha kufika barabara kuu nilikumbuka nimesahau kisanduku cha barafu kule juu. Nikarudi. Jerida alinifungulia, nikapanda ngazi. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya Westlands na paa lote lilikuwa la rangi ya chai. Mzee alikuwa ameinama ndani ya banda, mgongo kwangu, anawaita njiwa kwa majina, na mkononi ameshika ule ukuta wa waya aliouondoa mahali pake kama mtu anayekunja pazia. Wenye pete nyekundu walikuwa wanapita. Hawakugombana, hawakutafuta; kila mmoja alikwenda kwa wake. Wakakaa bega kwa bega, wakaanza kufanya wanavyofanya njiwa waliopendana, mmoja anaingiza mdomo ndani ya mdomo wa mwenzake, anamlisha chakula kilichokwisha kukaa kooni, wanatikisa vichwa pamoja kama wanaosema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Mzee," nikasema.

Aligeuka bila kushtuka. Alifurahi kuniona. "Ah, beti! Hii ndiyo saa yao."

"Kila siku?"

"Kila jioni. Asubuhi naweka waya tena, wewe hujafika." Akaona uso wangu, na tabasamu lake likaanza kutafuta mahali pa kwenda. "Wewe nasema hawa hapana ruka. Mimi hapana rusha. Hata siku moja. Lakini jioni wewe hapana sema." Akashika filimbi yake. "Wiki zile ya kwanza mimi naweka waya mchana na usiku. Asubuhi ile yenye kichwa cheupe napanda juu na hasira, hapana taka kushuka, naenda kwa paa ya mtu Ngara. Ndege ambayo usiku halali na mwenzake, kwa nini irudi? Mimi nafikiri, Lydia pia anajua hii. Kila mtu najua hii."

Nilikaa juu ya gunia la mtama. Sikumkasirikia, ningependa kusema nilimkasirikia, ingekuwa rahisi zaidi. Nilikuwa naona visahani vyangu vyote, majuma yote, jinsi madoa meupe yalivyohama kidogo kidogo kutoka kwa aliyeruka hadi kwa asiyeruka, mdomo kwa mdomo, kila jioni wakati mimi niko Kileleshwa nasikiliza watu wakila. Hao majike hawakuwa wameruka hata mara moja. Lakini walikuwa wanalala na walioruka, na tumbo lao lilikuwa limepata habari. Nilimweleza Mzee hivyo, kwa maneno hayo hayo, kwa kuwa sikuwa na mengine. Alisikiliza akiwa amesimama. Mwishowe akauliza jambo moja tu. "Chuo itakufukuza?"

"Kitanifukuza."

Alitazama njiwa wake mpaka wa mwisho akatulia. "Basi tenga," akasema. "Mimi naondoka. Hii watoto yangu yote naondoka pia. Tenga vizuri, beti, mimi hapana gusa."

Tuliwahamishia majike chini, kwenye chumba cha zamani cha Tariq, mlango ukafungwa kwa ufunguo nao ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha: picha za wachezaji wa kriketi zilizojikunja kingo, rafu ya vitabu vya shule, kitanda chembamba chenye shuka ya mistari. Tukapanga vizimba sakafuni na juu ya dawati. Kitulio cha mmoja kilikuwa mbele ya ramani ya dunia, naye alikaa hapo siku nzima ametazama bahari. Jerida aliingia mara moja, akaangalia, akatoka. "Mimi nimeacha wanangu nyumbani nikalea wa hapa," alisema bila kunitazama, "usiniambie niwape maji." Kazi hiyo nikaifanya mwenyewe. Juu, madume walipaa, na kweli mmoja hakurudi. Wengine walirudi upesi mno, wakaingia bandani, wakatembea kutoka kona hadi kona, wakarudi kukaa mlangoni. Chini, majike waliunguruma. Nyumba ile haikuwa na sauti tangu mama wa nyumba alipofariki, na sasa ilikuwa nayo kutwa nzima, ikipita kwenye kuta mpaka mezani.

Tukaendelea kula pamoja. Mzee hakukatia tena mtu chapati. Aliinua tonge, akasikiliza, akalishusha. Siku moja alisema, "Wanauliza." Nikamuuliza wanauliza nini. "Kitu ileile," alisema. "Jana pia." Nilitaka kumwambia kwamba ndege haulizi, kwamba ni koo na hewa tu, lakini usiku mimi pia, chumbani kwangu, baada ya kuzoea sauti ile, niliona kimya cha Kileleshwa kimekuwa kikubwa kuliko chumba. Dirisha la jirani lilikuwa limefungwa. Sikujua tena kama mtoto amekula. Nilianza kuchelewa kuondoka Parklands, nikisingizia vyombo, na Jerida akaanza kuniachia kikombe cha chai mlangoni pa chumba cha Tariq, juu ya kigoda, bila kubisha.

Tofauti ilirudi. Ilirudi wazi kuliko mwanzo, ikakaa, haikuyeyuka. Waliotengwa bila kuruka walipoteza madoa yao meupe, walioruka wakabaki nayo, na Daktari Mwangi alipoviona visahani alikaa chini bila kutafuta miwani yake. "Andika," akasema. "Andika sasa hivi, kabla hujabadilisha mawazo." Nikauliza kuhusu yale majuma yaliyoharibika, ya jioni za waya uliokunjwa. Akasema hayo siyo matokeo, hayo ni ajali. Niliyaweka hata hivyo, kwenye kurasa za mwisho za tasnifu, mahali ambapo hapasomwi. Jina langu halikutolewa. Mpaka leo liko kwenye karatasi iliyotundikwa ukutani kwangu, na wageni hudhani nimeitundika kwa majivuno.

Siku chache kabla ya safari yake Mzee aliomba kuona nilichokuwa nakitafuta muda wote ule. Nilimletea visahani viwili kutoka maabara, vimefungwa vizuri kwa utepe: kimoja cha njiwa aliyempenda kuliko wote, dume la kifua cha kijivu, na kingine cha mwenzake. Masanduku yalikuwa yamepangwa ukumbini na mazulia yamekunjwa, kwa hiyo kila neno lilirudi kutoka ukutani. Akavishika visahani kwenye mwanga wa dirisha, kimoja katika kila mkono, akavitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni yeye?" aliuliza.

"Huyu anaruka. Huyu anakaa."

"Na mbele, wakati mimi nafungua jioni, ilikuwa sawasawa?"

"Vilikuwa sawa, Mzee. Usingeweza kutofautisha."

Akavirudisha mezani taratibu, mbele ya kile kiti kisichokaliwa. Jerida alikuwa mlangoni na fagio, amesimama. Mzee akapapasa ukingo wa meza. "Mimi na mama ya Tariq tunakula hapa miaka arobaini," alisema. "Yeye nakata, natia kwangu. Mimi nakata, natia kwake. Sasa yeye hayuko siku nyingi." Akaniangalia, na sikuwahi kuona mtu mzima akiuliza swali akiwa na haya namna ile. "Wewe ukipima mimi, beti. Huku ndani. Bado iko kidogo yake?"

Nilikuwa na jibu la darasani. Nilijua kwamba bakteria huzaliana na kufa ndani ya saa, na kwamba chakula kikibadilika nao hubadilika. Wale majike chini ya ramani walikuwa wamenithibitishia wenyewe, kwa majuma machache tu ya kutengwa. Nilijua pia kwamba alikuwa ameendelea kula chakula kilekile, saa ileile, mezani palepale, pembeni ya kiti kilekile, kwa miaka yote hiyo.

"Sijui, Mzee," nikasema. "Hakuna aliyepima."

Akafikiri. Halafu akatikisa kichwa pole pole, kama siku ile ya kwanza langoni. "Vizuri," alisema. "Wewe usipime."

Tulifungua mlango wa Tariq jioni hiyo, tukawarudisha majike juu bandani. Nilitegemea wakimbiliane. Baadhi walikimbiliana. Wengine walisimama mbali, wakazungukana, na majike wawili waliokuwa wamekaa kizimba jirani walikataa kuachana, wakapanda kitulio kimoja, madume yao chini wakiwatazama. Mzee aliwaangalia wote, mmoja mmoja. Asubuhi yake rafiki yake wa mtaa wa Pangani, mfuga njiwa pia, alikuja na matenga akawachukua, na siku iliyofuata Mzee naye akachukuliwa. Alinishika kichwa kwa viganja viwili, akasema maneno ya lugha yake. Nilimwangalia Jerida anitafsirie, lakini alikuwa amejigeuza kwenye gari, anapanga masanduku ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Nyumba ilibomolewa upesi. Mimi nilikuwa maabara, namalizia kuandika, nilipowaona njiwa kupitia dirisha. Yule wa Pangani alikuwa amewafungia kwa muda ili wasahau, kisha akawafungulia. Walikuja moja kwa moja. Walizunguka juu ya Parklands, mahali palepale, mara na mara, wakishuka mpaka kimo ambapo zamani palikuwa na paa, halafu wakipanda tena. Nilisimama mpaka shingo ikaniuma. Sikuweza kuona pete kutoka mbali hivyo, wala kama walikuwa wawiliwawili.

Alhamisi nilifika Nyamakima mapema. Magunia yalikuwa yamejipanga barabarani kama zamani, na njiwa wa mjini, wasio na mwenyewe, walikuwa wakiokota kati ya viatu vya watu. Jerida alikuja akichechemea kidogo, na mkoba mkubwa kuliko yeye. Tulishikana mikono muda mrefu. Aliniuliza kama naishi na mtu, nikasema hapana; akasema nimekonda, nikasema nimenenepa. Mhudumu akaja na kitambaa begani. Jerida akaagiza chapati na dengu.

"Sahani mbili?" mhudumu akauliza.

"Moja," Jerida akasema. "Kubwa. Na usilete ya pili hata kama huyu ataomba."

Ilipokuja aliisukuma mpaka katikati ya meza. Akakata kipande, akakichovya, akakitia upande wangu bila kuuliza, na akaendelea kunieleza habari za kuku wake. Nilikata changu. Nikachovya palepale alipokuwa amechovya yeye.